Dakika Kumi za Aili

Jumatano moja ya Februari, Curtis Dreyer alimwita Marit Sandvold ofisini kwake, akafunga mlango, akamwomba amtengeneze Aili Niskanen.

"Nimtengeneze vipi?" Marit akauliza. "Kwani ameharibika?"

"Yeye hajaharibika. Namba zake ndizo zimeharibika." Curtis akageuza kompyuta ili naye aone. "Dakika kumi na mbili kwa kila simu. Kumi na mbili, Marit! Wenzake wako saba, nane. Na hapo sijagusa matembezi yake. Kaa naye siku moja, mwangalie, uniandikie ripoti. Wakubwa wa makao makuu, Minneapolis, wamenikalia kooni."

Marit akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu ya ghala la zamani la matofali, hatua chache kutoka ziwani pale Duluth, na kazi yao ilikuwa kuwasikiliza wagonjwa kwa simu. Walikuwa manesi kumi na wawili. Mama wa Hibbing ambaye mtoto wake anachemka homa, mkulima wa kule Roseau anayebanwa kifua na hataki kusumbua watu, wote walipiga namba ile ile moja, na nesi ndiye aliyeamua: kaa nyumbani unywe maji, nenda kliniki kesho, au usiondoke hapo ulipo, gari la wagonjwa linakuja. Kila simu ilikuwa imepewa dakika nane. Saa ndogo kwenye pembe ya kompyuta ilianza na rangi ya kijani, dakika ya sita ikawa njano, ya nane ikawa nyekundu. Ukutani, mbele ya macho ya kila mtu, skrini kubwa ilipanga majina yote kumi na mawili, mwepesi juu, mzito chini.

Jina la Marit lilikuwa limekaa juu miezi kumi na saba mfululizo, na kwa sababu hiyo alifanywa kiongozi wa zamu. Jina la Aili lilikaa chini kama ukoko wa sufuria.

Aili alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mpana wa mabega, mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe na ilionekana wazi kwamba alizikata mwenyewe. Hakuwa mvivu. Alifika mapema, hakupiga soga, hakuchungulia simu yake. Ila alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wote. Akimaliza simu nzito, ya mtu anayekufa au mtoto aliyezidiwa, alivua vipokea sauti masikioni, akavaa koti lake la kijani lililopauka, kofia ya sufu na buti, akatoka nje. Dakika kumi. Hakuvuta sigara wala kubeba simu. Kisha alirudi, akanywa funda mbili za maji, akapokea anayefuata kwa sauti ya mtu aliyeanza kazi asubuhi hiyo.

"Haya, malkia anakwenda kukagua barafu," Lonnie Beaupre alikuwa akisema kila akimwona anavaa koti. Lonnie ndiye aliyekaa jirani yake, na mdomo wake haukujua likizo. "Wasalimie samaki, Aili."

"Nitawasalimu. Jana walikuulizia. Walisema umenenepa."

Marit naye alicheka pamoja na wenzake, lakini moyoni alikereka. Alimwona Aili kama mtu anayekaa chini katikati ya mbio wakati wengine wanahema.

Na Marit alikuwa anahema kweli. Akipiga mswaki alihesabu. Akipanda ngazi alihesabu. Ndani ya gari alisikiliza mafunzo ya namna ya kutumia muda vizuri, tena aliyasikiliza kwa kasi maradufu ili ayamalize upesi. Daktari wa meno alikuwa amemwambia kwamba anasaga meno usingizini. Kila asubuhi, akizima gari kwenye maegesho, moyo wake ulimwenda mbio kiasi kwamba ilimbidi ashike usukani kwanza ndipo ashuke. Alikuwa nesi, aliijua hali ile na jina lake: wasiwasi uliopindukia. Mgonjwa angempigia simu na dalili kama hizo, angemwambia aonane na daktari wiki hiyo hiyo. Lakini mganga hajigangi.

Jioni ya Jumatano hiyo, mezani, binti yake Tova wa miaka tisa alianza kumsimulia jinsi rafiki yake alivyohamishwa kiti darasani, na nani alicheka, na nani hakucheka. Marit alikuwa anakata nyama. "Na hali hii imeanza lini?" akauliza, kwa sauti ile laini ya kazini.

Tova akaweka uma chini. "Mama, mimi si mgonjwa wako."

Dale, mumewe, akaanza kucheka, kisha akamtazama mkewe usoni akaacha.

Kesho yake Marit alivuta kiti akaketi kando ya Aili na daftari. Saa nzima ya kwanza hakuona la ajabu. Aili aliuliza maswali yale yale yaliyoandikwa kwenye mwongozo. Tofauti ilikuwa moja tu: mtu akinyamaza, Aili naye alinyamaza. Hakuikimbilia ile nafasi. Na mara nyingi, baada ya kimya kile, mtu alisema jambo ambalo hasa ndilo lililomfanya anyanyue simu.

Saa tano kasoro ikaingia simu ya mama anayepiga kelele. Mwanawe wa miezi kumi na minne alikuwa amekakamaa, macho juu, povu mdomoni. Degedege. Aili hakupandisha sauti hata kidogo. "Mlaze ubavu, mama. Usimtie kitu mdomoni. Mimi niko hapa, siendi popote. Lonnie ameshaita gari, liko njiani. Hebu niambie, jina lake nani?" Alimshika mama yule kwa maneno, neno baada ya neno, mpaka wahudumu wakasikika wakiingia mlangoni na mtoto akasikika akilia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko muziki.

Aili akavua vipokea sauti. Akanyanyuka, akachukua koti.

Marit naye akachukua lake.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ziwa lilikuwa limeganda mpaka mbali, na barafu ilikuwa ikiguna chini kwa chini. Aili alitembea kwenye njia iliyopita kando ya ukuta wa mawe, wala hakugeuka nyuma.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Afadhali umekiri. Haya, tembea, ukisimama utaganda."

Wakaenda bega kwa bega. "Huku nje huwa unafanya nini hasa?" Marit akauliza.

"Nafika pale kwenye taa, narudi."

"Na unafikiria nini?"

"Nafikiria miguu yangu isiteleze. Nikivunjika nyonga, nani atanipokelea simu? Wewe utaniwekea dakika nane."

Marit akacheka bila kutaka. Wakafika kwenye nguzo ya taa, wakageuka, na hapo Aili akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mimi nilikuwa kama wewe. Usikunje uso, sikutukani. Nilikuwa wodi ya mahututi, nesi wa kutegemewa. Zamu ikipungukiwa mtu, anaitwa Aili. Sikukuu, anaitwa Aili. Nikajiona mwamba. Siku moja nimetoka kazini, nimekaa kwenye gari, nikashindwa kukumbuka ufunguo unaingizwa wapi. Na ufunguo ninao mkononi! Nililia pale saa mbili nzima, mpaka mlinzi akadhani nimefiwa. Nikakaa nyumbani miezi mitano. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananivalisha soksi."

"Soksi?"

"Soksi, mdogo wangu. Mtu mzima, nesi wa miaka ishirini kazini, nimenyoosha mguu kama mtoto. Niliporudi kazini nikasema, kila kinachoniingia lazima nikipe njia ya kutokea. Yule mtoto wa degedege ameniingia. Sasa hivi anatoka. Nikirudi pale juu, anayefuata anastahili kupata nesi. Asikute gunia lililojaa wagonjwa wa wenzake."

"Na namba je?"

"Namba hazinipendi," Aili akasema, akifungua mlango, "nami sijawahi kuzitongoza."

Jioni Marit aliandika ripoti yake. Aliandika kwamba Aili ni nesi mzuri mno, mtulivu, mwenye ujuzi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema sawa, akaongeza kwamba matembezi yake yapunguzwe yawe mara moja kwa siku, na afundishwe kufunga mazungumzo mapema. Akaihifadhi ili aitume Jumatatu.

Jumamosi usiku dhoruba ikaanza. Jumapili kutwa theluji ilishuka kama imetumwa, na Jumatatu asubuhi Marit alipofika ofisini, akiwa ametanguliwa na gari la kusukuma theluji, nusu ya manesi hawakuwa wamefika na simu thelathini na tano zilikuwa zikisubiri. Hakuvua hata koti. Alikaa akaanza kupokea.

Saa tatu na nusu alipokea simu ya mzee aitwaye Einar Lofgren, wa miaka sabini na minane, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya msituni, nyuma ya Two Harbors. Kichwa kilimuuma tangu jana. Kizunguzungu. Kichefuchefu. Marit alimuuliza yote yanayopaswa kuulizwa: homa hana, kifua hakimbani, mikono yote miwili inanyanyuka, maneno yanatoka sawasawa.

"Kuna maradhi ya tumbo yametapakaa kila mahali, mzee," akamwambia. Saa kwenye pembe ilikuwa imegeuka njano.

"Labda ni hayo," mzee akasema polepole. "Na mbwa wangu naye, sijui..."

"Kwa mbwa itabidi umpigie daktari wa mifugo, mzee wangu. Wewe kunywa maji kidogo kidogo, upumzike. Usipopata nafuu kesho, utupigie tena. Sawa?"

"Haya, binti. Samahani kwa usumbufu."

Dakika sita na sekunde arobaini. Marit akapokea nyingine.

Ilipotimia saa tano, alikuwa amenyanyuka kuwazungukia wenzake, na akajikuta amesimama nyuma ya kiti cha Aili. Aili alikuwa kwenye simu, ameinama, kidole kimeziba sikio la pili.

"Ngoja hapo. Umesema mbwa amefanyaje?" Kimya. "Hanyanyuki. Tangu lini?" Kimya tena, kirefu. "Na ana umri gani huyo Pilot? Miaka mitatu. Mbwa wa miaka mitatu, hanyanyuki hata kwa nyama."

Saa yake ilikuwa njano. Kisha ikawa nyekundu. Aili hakuitupia jicho.

"Mzee Einar, jana ulitoka nje? Ulikwenda kusukuma theluji mlangoni. Sasa fikiria vizuri, usiharakishe. Ulipokuwa nje, kichwa kilikuuma vile vile?" Akasikiliza. Marit aliona shingo ya Aili ikikakamaa. "Kilipungua. Uliporudi ndani, kikarudi."

Aili akanyoosha mkono, akamshika Lonnie kwenye mkono wa shati, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: ZIMAMOTO. GESI. SASA.

"Nisikilize sasa, mzee wangu. Simama. Shika ukuta. Vaa koti na buti, usitafute kingine chochote, utoke nje ya nyumba hiyo. Najua kuna baridi. Toka." Akasikiliza. "Hutoki bila Pilot. Sawa, basi mburute kwa blanketi alilolalia. Lakini anza sasa hivi, na mlango uuache wazi. Usikate simu. Nataka nikusikie unavyohema... Hivyo hivyo. Vuta. Pumzika kidogo, vuta tena. Umefika mlangoni? Vuta, mzee, vuta!"

Wale waliokuwa na wagonjwa wao walikuwa wamepunguza sauti. Lonnie, na mdomo wake wote, alikuwa amesimama mikono kichwani.

Mzee alifika nje. Alikaa ndani ya gari lake la mizigo lililokuwa uani, mbwa mapajani, na Aili akakaa naye. Alimuuliza habari za mbwa, habari za marehemu mkewe, aina ya samaki anaowavua barafuni. Hakumwacha alale, na kila sauti yake ilipodidimia, Aili alimwita kwa jina. Baada ya dakika ishirini na sita, zimamoto wakachukua simu.

Baadaye walielezwa yaliyotokea. Theluji ilikuwa imelifukia bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupasha nyumba joto, na kengele ya kutoa onyo ilikuwa imeisha betri. Ile gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, ilikuwa ikijaa nyumbani mle tangu Jumapili. Zimamoto walisema saa moja zaidi wangewakuta wote wawili wamekufa.

Kwenye skrini kubwa, jina la Aili lilikuwa linawakawaka kwa rangi nyekundu. Aili akanyanyuka, akavaa koti lake, akatoka.

Marit ndiye aliyekwenda kwenye kompyuta yake kufunga faili. Hapo juu, chini ya jina la Einar Lofgren, kulikuwa na mstari mdogo: simu ya pili leo. Ya kwanza ilipokewa na Sandvold.

Kulikuwa na chumba kidogo cha mafunzo mwishoni mwa ukumbi, ambamo viongozi wa zamu walisikiliza simu zilizorekodiwa. Marit akaingia, akafunga mlango, akatafuta ile ya saa tatu na nusu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akairudisha nyuma. "Na mbwa wangu naye, sijui..." Kisha sauti yake mwenyewe, laini, tamu, yenye adabu, ikimkata mzee wa watu kama mlango unaojifunga wenyewe. Aliirudia mara nne. Mara ya tano vidole vyake havikuweza kubonyeza. Vilikuwa vimekufa ganzi, na moyo ulikuwa unapiga kama unataka kutoka, na alijua kwamba hafi, na bado alikuwa na hakika kwamba anakufa.

Aili alimkuta sakafuni, mgongo ukutani, theluji ikiwa bado mabegani mwa koti lake lile la kijani. Akaketi naye chini, magoti yakilia.

"Nilimkata," Marit akasema alipoweza kusema.

"Najua. Nimeona jina lako."

"Alianza kuniambia habari za mbwa. Nikamkata. Aili, angekufa."

"Angekufa, ndiyo." Aili hakumwambia mambo ya kumfariji. Akamshika mkono, akaupasha joto kati ya viganja vyake vilivyokuwa vya baridi zaidi. "Sitakuambia hukukosea. Ila usije ukasema huna moyo. Moyo unao. Umeujaza pomoni, mzee wa watu hakupata pa kuketi."

Mlangoni Lonnie alichungulia, Aili akamfukuza kwa macho.

"Nifanye nini?" Marit akauliza.

"Wewe ni nesi. Mtu kama wewe angekupigia simu, ungemwambia nini?"

Marit alifikiri kwa muda mrefu. Hakuna aliyemhesabia. "Asiendeshe gari. Aje mtu amchukue. Aonane na daktari leo, asingoje kesho."

"Basi umeshajitibu. Nipe namba ya Dale."

Lakini kabla ya Dale kufika, Marit aliomba kwanza waende kwa Curtis. Alitembea akiwa amemshikilia Aili, akaketi kwenye kiti kile kile cha Jumatano, akaweka simu mbili zilizorekodiwa, yake kwanza, ya Aili baadaye. Curtis alisikiliza zote. Katikati ya ile ya pili alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya Curtis, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake aliigawa kwa wengine kwa njia ya skrini.

"Mama yangu anaishi peke yake, kule Bemidji," akasema hatimaye. "Na ana paka."

"Ripoti uliyoniomba niliiandika," Marit akasema. "Niliandika apunguziwe matembezi. Naifuta. Andika mwenyewe kwamba kiongozi wa zamu alimkata mgonjwa ili asiingie nyekundu."

"Marit, wakubwa wataniuliza namba."

"Wape moja," Aili akasema toka mlangoni. "Mtu mmoja. Na mbwa, kama wanahesabu mbwa."

Marit alikaa nyumbani wiki saba. Daktari alimpa dawa za kumsaidia alale, na kumpeleka kwa mshauri, mwanamama mpole aliyekuwa na tabia ya Aili ya kuacha kimya kikae. Wiki ya kwanza alilala tu. Wiki ya pili Dale alikuta karatasi kwenye mlango wa friji yenye mistari na saa.

"Marit, mke wangu. Umepanga ratiba ya kupumzika?"

"Kidogo tu."

"Na hapa umeandika kwamba jana ulichelewa kupumzika?"

Akacheka, naye akacheka, na ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika nyumba ile kwa muda mrefu. Dale akaichana karatasi, akawashia moto.

Jumamosi moja Aili alimchukua kwenda nyumbani kwake, ambako nyuma ya nyumba, karibu na ziwa, kulikuwa na kibanda cha mbao ambacho babu yake alikijenga kabla hata hajajenga nyumba ya kulala. Sauna, chumba cha mvuke wa kutoa jasho. Ndani mlikuwa na jiko la kuni lililobeba mawe, na mabenchi mawili. Aili alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, ukawameza.

"Tunakaa dakika ngapi?" Marit akauliza.

"Huku hatuna saa. Mwili wako ukisema tosha, utoke."

Marit akangoja mwili wake useme. Haukuwa umezoea kuulizwa. Jasho likamtiririka, na ndani ya jasho lile machozi yakaanza, bila kelele, na Aili aliyekuwa benchi la juu hakusema neno, alimwaga maji mengine tu. Baadaye walitoka mbio, wakajitupa kwenye theluji wakipiga mayowe kama watoto wa shule, na Marit aligundua kwamba kwa muda fulani, hakujua ni mrefu kiasi gani, hakuwa amehesabu chochote.

Marit alimpigia simu Mzee Einar pia, akiwa bado mapumzikoni nyumbani, siku ya kawaida, kwa ruhusa ya Curtis. Alijitambulisha, akaomba radhi bila kupamba.

"Aa, ni wewe," mzee akasema. "Ulisema vizuri tu, binti. Ulikuwa na haraka. Mke wangu naye alikuwa hivyo hivyo, miaka hamsini hajawahi kuniacha nimalize sentensi."

"Leo sina haraka, mzee. Nilitaka kukuuliza habari za Pilot."

"Habari za Pilot?" Sauti ikachangamka. "Una muda?"

Alikuwa nao. Habari za Pilot zilianzia kwa mama yake Pilot, zikapita kwa jirani aliyekufa, mto uliofurika, na nguruwe mmoja aliyeibwa, na zilichukua karibu saa nzima.

Ofisini mambo yalibadilika kwa kiasi chake. Wakubwa wa Minneapolis hawakuiondoa saa kwenye kompyuta, ila rangi nyekundu ilitolewa, na skrini ya ukutani ilizimwa siku moja na Curtis mwenyewe, akisema imeharibika, na hajaita fundi mpaka leo. Baada ya simu nzito, kila nesi sasa ana dakika kumi zake, zimeandikwa kwenye kanuni. Wengine huzitumia kwenda nje. Lonnie hulala chini ya meza. Wawili walilalamika kwamba ni kupoteza muda, na mmoja wao akahamia ofisi nyingine. Marit alirudi kama nesi wa kawaida, siku nne kwa wiki, uongozi wa zamu akauacha. Zipo asubuhi ambazo moyo bado humwenda mbio kwenye maegesho. Siku hizo hukaa ndani ya gari mpaka utulie, na kama amechelewa, amechelewa.

Aili alistaafu mwezi wa Juni. Walimfanyia sherehe ndogo kwenye chumba cha chakula, na yeye mwenyewe alileta mikate mitatu ya iliki iliyosukwa kama nywele, kwa sababu alisema keki ya kununua haina shukrani. Curtis alisimama na karatasi mkononi, akakohoa.

"Nimetafuta kwenye kumbukumbu," akaanza, "nikahesabu. Kwa miaka kumi na moja aliyokaa nasi, Aili Niskanen amepokea jumla ya simu..."

"Curtis, mwanangu," Aili akamkatiza, kisu kikiwa tayari juu ya mkate, "hiyo iweke mfukoni. Mkate unapoa."

Curtis akaikunja karatasi. Watu wakasogea na sahani zao, Lonnie mbele ya wote, na Marit akapewa kipande cha pembeni, kile chenye sukari nyingi.